Taa za Uwanja wa Evaristo

Nyasi zilikuwa zimelala. Evaristo aliziona asubuhi alipokwenda kufagia uwanja wake wa picha za sinema, nje kidogo ya Ifakara: michirizi miwili miwili, kama ya matairi. Lakini jana yake hakuna gari lililokuja. Tangu mabanda ya video yafunguliwe mjini, na tangu mkewe Balbina azikwe, hakuna mtu aliyekuja.

Zamani walikuja. Matrekta ya mashamba ya mpunga yalipanga mstari na matela yaliyojaa watu, malori nyuma yao, baiskeli mbele, wote wakiutazama ukuta aliokuwa ameupaka chokaa kwa mkono wake. Mashine ilikuwa moja tu. Mkanda ulipoisha picha ilikatika, na madereva waliwasha taa ili nyoka asipite miguuni mwa watu. Balbina alikaa mlangoni kwenye kigoda, akiita kwa kipaza sauti cha bati: "Karibuni wote! Nafasi bado ipo!"

Alipofariki, mwaka tisini na nne, Evaristo hakuacha. Kila Jumamosi, baada ya rozari, aliwasha jenereta, akachukua kile kipaza sauti na kuita gizani: "Karibuni wote! Nafasi bado ipo!" Alitaka tu kuyasikia maneno yale.

Jumamosi iliyofuata, mkanda wa kwanza ulipoisha, taa ziliwaka uwanjani.

Hapakuwa na injini. Ziliwaka jozi kwa jozi, za manjano, kimya, na harufu ya dizeli na matope ya mto ikapanda, na alipotaka kukimbia aliona majani katikati ya mwanga ule yakilala taratibu, kama vile watu wengi wasioonekana walikuwa wakitafuta pa kukaa, na kule mlangoni, penye kigoda kitupu, kitu kikakohoa kikohozi cha Balbina.

Evaristo alimweleza binti yake, Digna, aliyekuwa amefika kutoka Chita ili amchukue akaishi naye. Digna akamwita katekista Anselim.

"Uliwaita kwa maneno gani?" Anselim aliuliza kwa sauti ya chini.

"Karibuni wote."

"Wote! Mzee Evaristo, hata mwenye harusi hasemi hivyo. Unalikaribisha giza bila kutaja jina la mtu? Majini wana masikio kutuzidi."

"Nilikuwa mpweke, Katekista."

"Na wao pia. Ndiyo maana hawatoki mpaka mwenyeji awaage. Jumamosi wakija, waage. Usimbakize hata mmoja. Ukimbakiza mmoja, wewe ni wake."

"Na Jumapili tunapanda treni, Baba," Digna alinong'ona. "Mashine tunaiacha. Kigoda cha mama nitakibeba mimi mwenyewe."

Jumamosi Anselim na Digna walipiga magoti nje ya uzio, wakasali. Mkanda ukaisha. Taa zikawaka, nyingi kuliko mara ya kwanza. Evaristo alisimama mbele ya ukuta.

"Picha imekwisha," alisema. "Kwa jina la Yesu, nendeni makwenu."

Zilizimika jozi kwa jozi mpaka ya mwisho. Harufu ikakatika. Vyura wakaanza kulia mashambani. Evaristo aliinua mkono ajifanyie ishara ya msalaba.

"Hata mimi, Evaristo?"

Sauti ilitoka mlangoni. Ilikuwa ya Balbina kabisa, pamoja na ule mkwaruzo wa kifua. Lakini miaka yote ya ndoa yao Balbina hakumwita kwa jina. Alimwita Baba Digna. Hata siku ile ya mwisho, pumzi ikimwishia, alimwita Baba Digna.

Evaristo alijua kwamba si yeye. Mkono wake ulikuwa umefika kwenye paji la uso, ukabaki pale pale.

"Baba!" Digna aliita kutoka nje. "Wameondoka wote?"

Akaushusha mkono polepole.

"Wote, mwanangu."

Asubuhi, jua halijachomoza, Digna alimkuta akiupaka ukuta chokaa.

"Baba, treni itatuacha!"

"Tangulia, mama. Leo kuna picha."

Digna alibishana naye, akalia, akamshika mkono. Baba yake hakugeuka. Mwishowe Digna akaenda mlangoni kuchukua kigoda cha mama yake. Nyasi zote zilikuwa zimelowa umande. Kigoda kilikuwa kikavu, na bado kilikuwa na joto.