Mguu wa Paa

Kila asubuhi, kabla watu wengine hawajaamka, Bibi alikuwa ameshakunja shuka lake na kulificha nyuma ya kochi. Si kwamba alipenda kuamka mapema. Angefanyaje? Kochi la sebuleni ndilo lililokuwa kitanda chake, na sebule ni ya watu wote. Baba alipita akitafuta viatu, Mama alipita na ndoo, na wajukuu wawili walipita wakigombania sabuni. Jioni majirani walikuja kutazama taarifa ya habari, wakamkalia miguuni, naye hakuweza kulala mpaka wa mwisho aage. Hata kubadili nguo ilibidi awaombe watu watoke.

Baba aliwahi kusema watoto walale sebuleni, Bibi achukue chumba chao. Bibi akakataa katakata. "Watasoma saa ngapi katika makelele haya? Waache. Mimi sitaki makubwa. Nataka mlango tu, ambao nikiufunga, umefungwa."

Maneno hayo yalimchoma Baba. Lakini ajenge wapi? Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na pande zote imebanwa na kuta za majirani. Ndipo siku moja akainua macho. Kati ya dari na mabati kulikuwa na nafasi kubwa, nayo imekaliwa bure na panya na masanduku mabovu. Akamwita fundi seremala. Watoto wahamie darini, Bibi ashike chumba chao.

Fundi alikuwa mtu mrefu, mkali wa maneno, ila kazi yake safi. Aliimarisha boriti, akatandika sakafu ya mbao, akatoboa dirisha na kuweka ngazi. Siku ya kukabidhi kazi aliwaita watoto juu: msichana wa miaka kumi na miwili, ambaye nyumba nzima ilimwita Wakili kwa sababu angebishana hata na saa ya ukutani, na mdogo wake. Akaipiga kofi mbao nene iliyosimama mshazari mbele ya dirisha, kutoka sakafuni hadi kwenye paa.

"Mnaiona hii? Huu ndio mguu wa paa. Umebeba mzigo wote wa upande huu. Tundikeni begi, tundikeni koti, lakini msumeno usiuguse. Tumeelewana?"

"Si ungeiweka pembeni kidogo?" Wakili akauliza. "Inaziba dirisha."

"Mguu haukai sikioni, mwanangu," fundi akajibu, na watoto wakacheka.

Jioni ile Bibi aliingia chumbani kwake, akafunga mlango. Akaufungua, akaufunga tena. Waliokuwa sebuleni wakamsikia akicheka peke yake huko ndani, na Mama akafuta machozi kwa upindo wa gauni.

Wakili naye alitamba shuleni. Alisema anakaa ghorofani, ana dirisha lake na meza yake. Wenzake watatu wakaja kuona. Mmoja akajigonga kwenye ile mbao, akashika paji la uso. "Yaani hii ndiyo ghorofa uliyotutangazia? Mbona kama zizi!" Wengine wakacheka mpaka wakakaa chini. Meza yenyewe ilikuwa imesukumwa kwenye kona ya giza, maana chini ya dirisha mbao iliizuia. Wakili aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Jumamosi iliyofuata Baba alikwenda kazini, Mama sokoni, na Bibi alimchukua yule mdogo wakaenda zahanati. Wakili akautoa msumeno wa Baba chini ya ngazi. Alikata juu, akakata chini, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mbao ikaanguka. Akainua macho kwa hofu. Paa lilikuwa kimya, halikutikisika hata kidogo. "Kumbe alikuwa anatutisha tu," akajiambia, na meza akaisogeza dirishani.

Mama alipopanda na mashuka akashangaa. "Ile mbao iko wapi?"

"Fundi alipita mchana, akaitoa mwenyewe. Alisema ilikuwa ya muda tu."

"Ametoka hivi hivi, hata chai hakunisubiri?"

"Alikuwa na haraka, mama."

Uongo ukapita laini kama siagi, na Mama hakuuliza tena.

Wiki zikapita. Mlango wa Bibi ukaanza kukwama. Kwanza alilazimika kuusukuma kwa mkono, kisha kwa bega. Baba akaazima randa, akaupunguza ubavuni. Haukupita muda ukakwama tena.

"Mlango umevimba," Baba akasema.

"Umevimba na kiangazi hiki?" Bibi akauliza.

"Basi ni wewe, mama, unaubamiza mno."

Bibi akaupapasa mlango kwa kiganja. Yeye aubamize mlango ule, alioungojea tangu alipofiwa na mumewe! Wakili alikuwa kwenye ngazi, akayasikia yote. Tena alikuwa ameshaona mabati juu ya meza yake yakibonyea, na sakafu yake ikiinama upande mmoja. Alijua. Akafungua kinywa aseme, akakifunga. Alijiambia atasema kesho, na kesho ilipofika akaisukuma mbele.

Mvua zikaanza. Alfajiri moja sauti ya Bibi ikasikika kutoka chumbani. "Nifungulieni! Nifungulieni jamani!" Juu ya kichwa chake boriti ilikuwa ikilia, na vipande vya dari vikidondoka kitandani. Baba aliusukuma mlango, ukagoma. Mama akawashusha watoto mbio. Baba akachukua shoka, akaupasua mlango vipande vipande mpaka Bibi akatoka, nywele zimejaa vumbi jeupe, ndala zake amezikumbatia kifuani.

"Ni yule fundi!" Mama akasema. "Si alirudi akaitoa ile mbao? Mtoto huyu alimwona!"

Kulipopambazuka, Baba hakungoja hata mvua ikatike. Alimshika Wakili mkono, moja kwa moja hadi karakana ya fundi. Hapo alikuwapo mzee mmoja mwenye duka, amekuja kupatana kazi ya paa lake.

"Muuaji wewe!" Baba akapaza sauti. "Unajiita fundi na kazi yako ni kubabaisha! Umetaka kumfukia mama yangu!"

"Taratibu, ndugu yangu. Sijakanyaga kwako tangu nilipokukabidhi kazi."

"Mwongo! Binti yangu alikuona ukiitoa ile mbao!"

Fundi akamgeukia Wakili. "Mwanangu, uliniona?"

Wakili akatazama takataka za mbao miguuni pake. Kisha, Mungu amsamehe, akaitikia kwa kichwa.

Yule mzee akachukua mwavuli wake. "Tutaonana, fundi," akasema, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Fundi akabeba nguzo mbili begani. "Matusi baadaye. Kuna watu chini ya paa lile."

Alifika akazisimamisha nguzo chini ya boriti, akazikaza kwa kabari. Baba nyuma yake hakuacha kumporomoshea matusi. Bibi, aliyekuwa kochini na shuka mabegani, hakuvumilia.

"Mwanangu, mtu amekushikia paa lisikuangukie, nawe unamtukana? Huna haya?"

Hapo Wakili akashindwa. "Ni mimi!" akapiga kelele. "Niliikata mimi! Fundi hakuja. Nimesema uongo."

Baba akakaa kwenye ngazi. Akasema, "Nisamehe, fundi."

"Ulinitukana mbele ya mteja wangu," fundi akajibu, "radhi unaniomba hapa chini ya ngazi?"

Akapanda juu, akakagua, akashuka. "Boriti imepasuka. Mguu mmoja hautoshi tena, nitaweka mitatu. Paa litasimama, msiogope. Lakini pale juu mtu halali tena. Wekeni masanduku yenu."

Kesho yake Baba na Wakili walikwenda dukani kwa yule mzee. Wakili alieleza mwenyewe, tangu msumeno mpaka alivyoitikia kwa kichwa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umefanya vizuri kusema, mwanangu. Ila jana nimepatana na fundi mwingine, na mbao ameshashusha. Siwezi kumfukuza."

Walipita karakana. Baba akaomba radhi kwa sauti, mbele ya watu, na fundi akampa mkono. Lakini kazi ya duka ilikuwa imekwenda.

Miguu mitatu ilipomalizika, vitanda vilishushwa na watoto wakarudi chumbani kwao. Bibi akarudi kochini. Wakili akapiga magoti mbele yake.

"Bibi, nisamehe. Chukua chumba. Mimi nitalala hapa."

"Una mtihani mwaka huu. Hapa hutasoma."

"Lakini bibi..."

"Nisikilize. Mbao uliikata kwa utoto, na utoto sisi sote tulikuwa nao. Lakini uongo uliusema kwa akili zako timamu, na kila siku uliamka ukauchagua upya. Ungesema siku ileile, fundi angekuja na mbao moja na misumari, angekugombeza, mambo yakaisha. Ulinyamaza, na mzigo ukawaangukia watu wasiokukosea. Fundi amekosa kazi. Baba yako amejivunjia heshima. Mimi mlango sina. Nimekusamehe, mjukuu wangu. Ila usidhani msamaha unarudisha kilichovunjika. Kosa liseme lingali bichi. Likikomaa, linalipwa na wengine."

Wakili akalia. Bibi hakumbembeleza.

"Nenda kasome," akasema.