Kadi Iliyokuwa Mezani

Tik. Sauti hiyo moja rafiki yangu Darrell aliisikia saa tisa usiku, katika kituo cha kuitia ambulensi katika mji wa Duluth. Daraja la kiprogramu lililounganisha kadi mbili za mtandao kwenye seva ya Linux, kompyuta kuu ya kituo, lilikuwa limekatika, na simu za wagonjwa hazikuingia. Alifuta draiva, programu inayoiendesha kadi ya pili, akaichomoa kadi yenyewe, akampigia bosi wake.

"Lorna, seva bado inaonyesha kadi mbili."

"Iwashe upya, au nije kukushika mkono?"

"Nimewasha mara nne. Kadi iko mezani, haina waya, na taa yake inawaka."

Tangu wamzike fundi aliyeifunga kadi ile, ofisini hakuna aliyelitaja jina lake.

Tik, mezani.

Lorna aliposema tena, hakusema na Darrell.

"Waachie wagonjwa simu zao, Russ."