Weupe Juu ya Migomba

Siku Elifuraha alipokutana na Basili, nusura amvunje mguu. Ilikuwa Jumamosi, soko la Mbuyuni limefurika mpaka barabarani, nyanya na maparachichi yametandazwa kwenye viroba, na yeye anapenya katikati na fremu ya picha kifuani, ameifunga kwa kanga. Alivaa gauni la kitenge cha bluu alilolishona mwenyewe, limemkaa kiunoni barabara, na siku hiyo hakuwa na mpango wa kumpisha mtu. Mbele yake akatokea mwanamume aliyebeba kitu kikubwa kama televisheni, kimemfunika uso wote, anatembea kwa kubahatisha. Wakagongana. Mwanamume akapiga goti katikati ya fungu la nyanya, lakini mzigo wake hakuuachia.

Mwenye nyanya alisema aliyoyasema, na mengine hayaandikiki.

"Kaka, ukitaka kuangalia televisheni si ukae nyumbani?" Elifuraha alimwambia.

"Siyo televisheni, dada. Ni kompyuta. Nusu yake."

"Na nusu nyingine umeiangusha wapi?"

Akacheka huku bado amepiga goti kwenye nyanya. Elifuraha alikuwa na cherehani yake kwenye baraza la duka la vitambaa la Bhagwati, na fundi ni fundi tu, jicho lake lilianza kwenye shati kabla ya kufika usoni. Shati halina kifungo cha pili. Uso ndio akauona baadaye, na aliuona vizuri, tusidanganyane.

Kanga ilikuwa imefunguka. Basili akaiangalia ile picha, kwanza kuhakikisha kioo hakijapasuka, kisha akaiangalia tena. Ilikuwa picha ya mbali, ya mteremko wa Machame, iliyopigwa kutoka ng'ambo ya korongo: migomba, mibuni, paa la bati, na juu yake weupe mtupu mahali ambapo mlima ulitakiwa kuwa. Akamwambia kwamba studio ya Mzee Mohan anakofanya kazi, pale karibu na mnara wa saa, imenunua kompyuta, na kwamba yeye mwenyewe anaweza kuutoa ukungu ule mpaka Kibo ionekane na majani yarudi kuwa kijani. Elifuraha hakumwamini. Wanaume wa mjini wakitaka namba ya simu husema mengi. Lakini namba alimpa.

Sasa picha ile nayo ina habari yake, na ni vizuri uijue mapema. Ilipigwa zamani, Elifuraha akiwa mtoto, siku Mzee Mohan alipopanda Machame kupiga picha za harusi ya jirani. Asubuhi kabla ya kanisa alivuka korongo, akaipiga picha ile moja kwa kupenda kwake, na baadaye akampa baba yake Elifuraha, Mzee Filemon. Mama yake Elifuraha hayumo. Mama alikuwa jikoni. Kila harusi, kila kipaimara, watu wakipangwa mstari wapigwe picha, mama yuko jikoni anapika chakula chao, na akiitwa anasema anakuja. Alifariki bila kupigwa picha hata moja. Ila kwenye ile ya korongoni, juu ya migomba kando ya paa, kulikuwa na kamstari keupe kanapanda na kujikunja kidogo. Ule ulikuwa moshi wa jiko lake. Mzee Filemon akisema anamwangalia mkewe, alikuwa anaangalia kamstari kale.

Sasa macho ya mzee yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, na Elifuraha alitaka picha ikuzwe, iwe kubwa ya ukutani, baba aione kabla macho hayajafunga kabisa. Hayo alimwambia Basili. Habari ya moshi hakumwambia. Haikumjia kichwani, kama mtu asivyokumbuka kueleza kwamba nyumba yake ina mlango.

Mwaka ule wa elfu mbili na tatu kila mtu mjini Moshi alikuwa na simu na hakuna aliyekuwa na vocha. Mapenzi yakaenda kwa kubip. Basili akifika kazini alibip mara moja, akimkumbuka alibip mara mbili, na kuna siku simu ya Elifuraha ililia kwenye meza ya cherehani mpaka wateja wakamuuliza kama ameajiriwa na posta. Jioni Basili alipita barazani na shati lisilo na kifungo. Elifuraha akashona. Wiki iliyofuata kifungo kingine hakipo.

"Kwenu kuna panya mwenye wembe?" akamuuliza, maana uzi aliuona umekatwa safi.

"Panya mmoja tu," Basili akajibu. "Na ameshapotea kabisa, mama. Nani wa kumsaidia?"

Siku moja alimpeleka studio kumwonyesha kazi. Elifuraha akasimama nyuma ya kiti, mkono wake umetua begani kwa Basili kana kwamba umepotea njia. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na sehemu ya juu ya picha peke yake. Basili akasogeza kidogo, akasogeza tena, taratibu, akiongeza giza mahali palipofifia na rangi mahali palipopauka, na ndani ya ule weupe Kibo ikaanza kutoka. Kwanza ukingo, kisha theluji, kisha mabonde yake yote ya bluu. Elifuraha alishika mdomo. Miaka yote picha ile imening'inia kwao, na mlima ulikuwemo humo humo.

"Sehemu ya chini sikuonyeshi," Basili akasema. "Nitaileta kama zawadi."

"Basi toa weupe wote, mpenzi. Usibakize hata kidogo."

Ndivyo alivyosema, kwa mdomo wake. Na Basili alipopiga simu kesho yake, simu ya kweli ya kupokelewa, kumwambia picha ya zamani imegandana na kioo na anaogopa kuibandua aiweke kwenye fremu mpya, Elifuraha alikuwa anapima kiuno cha mteja na pini mdomoni. Akamwambia abandue tu, ana wasiwasi gani.

Wakapanda Machame Jumapili baada ya ibada. Basili alikuwa Mkatoliki, mzaliwa wa Majengo, wazazi wake wa Kilema walioshuka zamani. Milima aliijua kwa kuiangalia kutoka chini. Alivaa shati lenye vifungo vyote na kubeba mkate, sukari, na ile picha kubwa. Akaamkia shikamoo akiwa bado mlangoni. Mzee Filemon akaitika, akampapasa mkono, akamkaribisha. Kisha akaichukua picha mpaka dirishani, akaisogeza puani kabisa kama kawaida yake, akaanza kuitafuta sehemu ile kwa jicho la kushoto ambalo lilikuwa na nafuu.

Alikaa hivyo muda mrefu. Akageuza kichwa, akajaribu jicho la pili.

"Furaha," akasema, "mbona leo mama yako hajawasha moto?"

Elifuraha akaja kuangalia. Migomba ilikuwa kijani, jani moja moja unalihesabu. Mibuni ilionekana mpaka mfereji. Paa la jiko liling'aa, na juu yake hakuna kitu. Paliwekwa majani mazuri, safi, mahali pa mama yake.

Alimtoa Basili nje mpaka kwenye mibuni ili baba asisikie.

"Umemfuta mama yangu."

Basili hakuelewa. Alipoelezwa akaelewa, na uso ukamshuka. Alidhani ni ukungu, akasema. Pale chini palikuwa na weupe kama kwingine kote.

"Mtu gani hajui moshi wa jiko?"

"Furaha, ulisema weupe wote."

Hapo ndipo palipouma, kwa sababu ilikuwa kweli. Akamuuliza ya zamani iko wapi. Basili akaeleza. Ilipobanduliwa ilichubuka, sehemu ya chini ikabaki kwenye kioo. Na kwenye kompyuta? Kwenye kompyuta alihifadhi kazi mpya juu ya ile ya kwanza. Alikuwa bado anajifunza, hakujua kama ya kwanza ingehitajika. Elifuraha akamwambia aondoke. Basili aliteremka kwa miguu mpaka barabara kubwa na hakugeuka nyuma, na vizuri hakugeuka, maana angemkuta amekaa chini kwenye mibuni analia na gauni lake la kanisani.

Zikafuata wiki mbaya. Basili alibip, simu ikalia, ikanyamaza. Elifuraha alishona mikono ya magauni kinyume na kufumua. Alimkasirikia Basili mchana kutwa, na jioni alijikasirikia mwenyewe, na hakujua hasira ipi ilikuwa nzito zaidi. Baba yake hakulalamika hata siku moja. Alisema tu kwamba labda ni macho yake, na hilo ndilo lililomkondesha binti.

Kisha asubuhi moja Basili akasimama mbele ya baraza. Amekonda kidogo. Mkononi ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Hata mteja aliyekuwa anapimwa akageuka kuangalia, maana kila Mchagga, awe wa juu au wa chini, anajua isale: ndilo linaloota mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo, na ndilo mtu huja nalo akiomba msamaha. Aliyeletewa isale hakatai.

"Ningeweza kuchora moshi mwingine," Basili akasema. "Nilishauchora. Ulikuwa mzuri, Furaha, usingejua wewe wala mzee. Nikakaa nao mchana mzima nikashindwa kuuleta. Huo ungekuwa moshi wangu. Mama yako hakuuwasha."

Elifuraha akalipokea jani. Akaliweka kwenye meza ya cherehani, karibu na mkasi.

"Na mimi nilisema weupe wote," akasema. "Hata mimi nilimsahau."

Basili akaeleza kwamba Mzee Mohan hatupi filamu. Zile za zamani zote anazo, kwenye makopo ya biskuti, stoo nzima, hazina majina, na kila akitoka kazini yeye hukaa huko akiziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Bado hajaiona. Hakuahidi kwamba ataiona. Elifuraha akamtazama shati. Vifungo viwili havipo, na safari hii uzi ulikuwa umechakaa wenyewe. Akamwambia alivue.

Simu ilikuja siku ya soko, kelele tupu kila upande. Haikuwa ya kubip. Elifuraha akaziba sikio moja kwa kiganja.

"Uko peke yako?" Basili akauliza.

"Niko na Moshi nzima. Sema."

"Nimeuona. Upo, Furaha. Unapanda na kujikunja, kama ulivyosema."

Akakaa chini kwenye kitambaa cha watu.

Jumapili hiyo walipanda tena. Picha mpya ilikuwa kubwa vilevile. Kibo ilikuwa pale, na ukungu wa bondeni umetoka, mibuni imerudi rangi yake. Ila kando ya paa la jiko Basili alipita mbali, hakugusa. Mzee Filemon akaibeba mpaka dirishani. Akaisogeza puani. Yale majani ya kijani hakuyaona, wala mfereji, wala hata mlima, macho yake yalikuwa hayafiki tena huko. Weupe ndio aliouona.

"Ahaa," akasema polepole. "Ameshawasha."

Akakaa na picha magotini, mkono umeifunika sehemu ile kama anaota moto. Baadaye akauliza, bila kugeuka, kama yule kijana aliyeileta ameshakula.

Hakuwa amekula. Elifuraha akaingia jiko lile lile la mama yake, akawasha moto kwenye mafiga, akateleka ndizi na nyama ya mtori. Alipoinua kichwa Basili alikuwa mlangoni na kamera.

"Iweke chini," akamwambia. "Mama alikaa humu kila siku ya picha, ukaona tulichobaki nacho. Mimi usinipige nikiwa jikoni."

Basili akaishusha kamera. Akaitazama kidogo, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Basi siku ya picha yetu, jikoni nitakaa mimi. Wewe utakuwa nje, juani."

"Picha yetu ipi?"

"Ya harusi, Furaha. Ukinikubali."

Elifuraha alimtazama hivi, kuanzia vifungoni mpaka usoni, akamkabidhi mwiko, akampita mlangoni, akatoka juani. Basili akainama kwenye chungu kuukoroga mtori ambao hata haukuwa umeiva, akapuliza moto kama alivyoona watu wakipuliza, na moshi wote ukamrudia yeye. Akakohoa. Akakohoa mpaka machozi. Juu ya paa, kati ya majani ya migomba, weupe ukaanza kupanda.

Kutoka ndani mzee akaita kwa mshangao kuuliza ni nani anayekohoa jikoni kwa mkewe.

Elifuraha alikuwa amesimama uani, uso wake juani, kanga ameiachia mabegani.

"Ni mkweo, baba," akajibu. "Anajifunza."