Debe la Mama Wasike

Kila asubuhi kabla ya shule, Waithira alimsindikiza mama yake, Mwihaki, kuchota maji mtoni. Walikaa Langas, Eldoret. Mwihaki alibeba maji kama alivyofunzwa na mama yake: mtungi mgongoni, mkanda wa ngozi ukikaza kwenye paji la uso. Sasa alikuwa na mimba ya miezi saba, na ikifika jioni hakuweza hata kugeuza shingo.

Waithira alijua wa kulaumiwa. Jirani yao, Mama Wasike, aligombana na Mwihaki juu ya kamba ya kuanikia nguo, akamwambia mbele ya watu, "Shingo yako ngumu hiyo, siku moja itainama!"

"Mama, amekuloga," Waithira alisema.

"Nyamaza, mtoto."

Mdomo ulinyamaza, moyo ukakataa. Kila siku alimwekea mama yake maziwa ya Nyayo aliyopewa shuleni, na kila siku chuki ilizidi. Ijumaa jioni alichukua msumari, akalitoboa debe la Mama Wasike lililokuwa nje. Tundu la kwanza, la pili, la tatu.

"Na wewe uteseke!" alinong'ona.

Kesho yake alirudi kutoka dukani akamkuta mama yake ameketi mlangoni, mkanda ungali kichwani, machozi yakimtoka.

"Jana nesi wa kliniki alinikataza mkanda huu," Mwihaki alisema. "Mzigo unavuta shingo, na kuinamia beseni la kufulia kutwa kunaiumiza zaidi. Mama Wasike aliposikia, akasahau ugomvi wetu, akasema atanichotea. Leo maji yote yamemwagika njiani. Nikaona haya kumsumbua tena, nikaenda mwenyewe."

Waithira aligeuka. Mama Wasike alikuwa amesimama nyuma yake, leso imelowa, debe mkononi.

"Ni mimi nililitoboa," Waithira alisema, akalia.

Mama Wasike aliinua debe, akachungulia. "Matatu? Mtoto wangu, moja lingetosha!" Kisha akamvua Mwihaki mkanda taratibu, akamkanda shingo kwa kitambaa cha maji moto.

Waithira alipeleka debe kwa fundi wa mtaa wa Huruma likazibwa. Tangu siku hiyo alichota maji kwa kidumu kidogo, akirudia mara nyingi, na beseni la kufulia liliwekwa juu ya meza ili mama yake asiiname.

"Siku nyingine ukiwa na hasira, njoo uniulize," Mama Wasike alimwambia. "Kabla hujatoboa debe la jirani, jua kwanza anamchotea nani maji."