Picha Iliyopigwa kwa Kadogo

"Huyu mama ni nani?"

Mihayo alikuwa anapuliza vumbi kwenye lenzi kwa kile kipira chake cha mkononi. Mkono ukasimama.

"Yupi?"

"Huyu aliyejaa kwenye skrini. Mwenye mwanya."

Akaja nyuma yangu, akainama kuangalia kompyuta. 

"Aah, huyo simjui. Nilikuwa soko la Mwaloni napiga picha wauza dagaa. Nilimvuta kwa mbali tu, kwa Bazuka."

Ngoja niwaeleze Bazuka ni nini, maana bila hivyo hamtauona uongo ulipo.

Mihayo ni fundi umeme wa kiwanda kimoja Nyakato, hapa Mwanza. Wenzake wakipokea mshahara wanakwenda kwenye bia, yeye anakwenda kwenye kamera. Si kazi yake, ni starehe yake. Miaka mingi alikuwa anaokoteza lenzi za mitumba, huku moja, kule moja, mpaka begi likawa zito kama debe la mahindi na bega likaanza kumuuma. Ndipo akasema, "Eve, nisaidie. Nataka nibaki na chache zinazofanya kazi nyingi. Nyingine zote niuze."

Mimi kazi yangu ni maabara, kutwa nachungulia hadubini, na tangu utoto ugonjwa wangu ni maswali. Alikuwa amempata mtu. Kila Jumamosi tukawa tunatoka na lenzi moja tu, tunazunguka nayo Kirumba, Bwiru, kwenye mawe ya ziwani, kuona inaweza nini na inashindwa nini. Bazuka ni ile ndefu. Ndege akiwa juu ya jiwe katikati ya maji, Bazuka inakuletea mpaka manyoya ya kifuani. Ya kati inafanya karibu kila kitu, kwa hiyo hatukuipa hata jina. Kadogo ni fupi, nyepesi, haivuti karibu wala haisukumi mbali. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, unatembea.

"Kumbe zumu yake ni miguu yako," nilimwambia siku tuliyotoka nayo.

Alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe. "Umeelewa kuliko mimi. Sasa sikia. Ukiona picha yoyote, usiulize kwanza imepigwa na kamera gani. Uliza mpiga picha alisimama wapi."

Nililipenda hilo swali. Nikawa naliuliza kila picha, hata za kalenda ukutani kazini.

Basi jioni hiyo nilikuwa napekua picha zake za mwaka mzima kuona ni lenzi ipi anaitumia kweli, maana mtu anaweza kujisifia moja na kushika nyingine. Ndipo nikakutana na mwenye mwanya.

"Bazuka?" nikamuuliza.

"Eeh."

"Mihayo, Bazuka inageuza kila kilicho nyuma kuwa uji. Mimi hapa naona mlango wa kijani, naona mpaka komeo lake. Halafu pua yake imekuja mbele, masikio yamebaki nyuma. Hii ni Kadogo."

Akaweka kipira mezani.

"Na kwa Kadogo, sura ikijaa hivi, mpiga picha anasikia mtu anavyopumua. Wewe ndiye uliyenifundisha. Ulisimama wapi?"

Akavuta kiti, akakaa. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka puani.

"Eve, siwezi kukwambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Si langu la kusema."

Jumapili iliyokuwa inakuja, Mihayo na baba yake walikuwa walete posa kwetu Magu. Mama yangu alikuwa ameshachagua jogoo. Shangazi yangu alikuwa ameshanunua kitenge. Na mimi, sitawaficha, nilikuwa nampenda huyu mwanamume mpaka nikimsikia anapanda ngazi nanyanyuka kabla hajabisha.

"Basi Jumapili baki huku huku," nikasema. Nikaituma ile picha kwenye simu yangu mbele ya macho yake, nikachukua mkoba, nikaondoka.

Ujumbe wa kwanza ulinikuta sijafika nyumbani.

"Eve naomba uniamini."

"Nikuamini nini? Hujaniambia kitu cha kuamini."

"Kuna mtu nilimwahidi sitasema."

"Huyo mwenye mwanya?"

Hapo akazima simu.

Asubuhi kazini nikamwonyesha Modesta, mwenzangu wa maabara. Modesta hahitaji hadubini kuona ubaya.

"Shoga, huyu ni mshangazi. Tazama dhahabu ya sikioni. Tazama ngozi. Mwanamume wako analelewa."

"Mihayo soksi zake zimetoboka, Modesta. Anayelelewa anatoboka soksi?"

"Hiyo ni danganya toto. Anakuzuga."

"Na mbona hata hakuificha hiyo picha?"

"Wanaume wanaficha? Wanasahau tu!"

Nikacheka, halafu nikaenda chooni nikalia. Nilipomaliza kulia swali likawa bado lipo. Hilo ndilo tatizo langu, machozi yananitoka lakini maswali hayatoki nayo.

Mchana, Modesta alipokwenda kula, nikaifungua tena picha. Nikaifungua na ile Mihayo aliyonipiga mimi Bwiru, kwa Kadogo hiyohiyo, kwa ukaribu uleule. Nikaziweka pamoja.

Mihayo ni mrefu. Milango mingi ya Mwanza anaingia ameinama. Ndiyo maana kwenye picha zake zote mimi natazamwa kutoka juu, na paji langu la uso linakuwa kama uwanja wa mpira wa Kirumba. Tumeshagombana sana kuhusu hilo paji. Lakini huyu mama paji lake lilikuwa dogo. Nilikuwa naliona vizuri eneo la chini ya kidevu. Macho yake yalikuwa yanatazama chini, kwa mtu aliye chini yake, na yalikuwa yanacheka kabla mdomo haujacheka.

Aliyepiga alikuwa mfupi, au amekaa. Mihayo angelazimika kupiga magoti. Mihayo na yale magoti yake mabovu hapigi magoti hata kwa ndege.

Nikavuta picha pembeni. Kwenye ukingo kabisa, pale ambapo mtu haangalii, palikuwa na kipande cha mti chenye sponji juu. Nikageuza simu. Nikaikuza.

Gongo la kwapani.

Katika maisha ya Mihayo mtu mwenye magongo alikuwa mmoja tu. Baba yake, Mzee Chenge, alianguka kwenye ngazi akiziba bati linalovuja, mguu ukafungwa plasta. Mihayo akampa kamera yake ya zamani, mara nyingine na Kadogo, asiwe mpweke kutwa nzima, na picha za mzee anazihamishia kwenye kompyuta yake. Mimi nilikuwa namjua kwa sauti ya simu tu. Kwetu binti hatangulii nyumbani kwa wakwe kabla posa haijafika.

Nikavua koti la maabara, nikaomba ruhusa, nikapanda bodaboda mpaka Nyakato, anakoishi mzee, nikaulizia nyumba ya mzee wa magongo.

Mlango ulikuwa wa kijani. Aliyenifungulia alikuwa na mwanya.

"Karibu mwanangu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

"Namtafuta Mzee Chenge. Mimi naitwa Evelina."

Akashika mdomo kwa ncha ya mtandio. Kutoka uani ikaja ile sauti ya simu.

"Nani huyo, Mwanabaraka?"

"Ni mkweo."

Mzee Chenge alikuwa kwenye kiti cha uvivu, mguu mmoja umenyooshwa juu ya stuli, kamera kifuani. Alitaka kusimama, akashindwa, akabaki anapapasa gongo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Evelina? Wewe hutakiwi huku mpaka..."

"Najua baba. Nisamehe. Nina swali moja tu, nikijibiwa naondoka." Nikampa simu. "Hii picha umepiga wewe?"

Akaitazama. Akamtazama Mwanabaraka. Akarudi kwenye simu.

"Mihayo amekwambia?"

"Mihayo ameniambia uongo. Haya nimeyaona mwenyewe humo."

"Umeyaonaje?"

Nikamweleza. Kiti, kidevu, gongo, mlango. Alinisikiliza kwa makini, ananiuliza hili na lile, akasahau hata kuogopa. Nilipomaliza akapitisha kidole juu ya ile picha polepole.

"Kumbe hata mahali nilipokaa panaonekana," akasema.

"Hata unavyompenda inaonekana, baba."

Mwanabaraka akageuka upande, akajifanya anafunika sufuria.

"Nilikwambia, Chenge," akasema bila kutugeukia. "Nilikwambia siri hii itamla mtoto."

Mzee akashusha pumzi. "Mwanangu, mimi ni mzee wa kanisa. Mwenzangu ni Mwislamu, kaka zake ni watu wakali. Mama yake Mihayo alipofariki nilijua nimemaliza mambo haya. Halafu nikavunjika mguu, jirani yangu huyu akaniletea uji. Akarudi kesho yake. Nikajikuta naombea mguu usipone haraka."

"Usimwambie mtoto hivyo!" Mwanabaraka akasema, lakini alikuwa anacheka.

"Nikawaza, wazazi wako wakisikia baba wa bwana harusi ana mapenzi uzeeni, tena na mtu wa dini nyingine, watatufukuza na posa yetu. Nikasema mtoto aoe kwanza. Mihayo nikamwapisha asimwambie mtu yeyote. Hata wewe."

"Na kwa ajili ya kuilinda posa, posa imevunjika," nikasema.

Mwanabaraka akanipakulia wali na sato, akaniwekea mbele bila kuniuliza kama nina njaa. Nilikuwa na njaa sana.

Mihayo akatukuta hivyo, ametoka zamu, ameshika mfuko wa mkate. Akasimama mlangoni, kichwa kimeinama kwa ajili ya fremu, akatutazama watatu.

"Nani kasema?" akauliza.

"Picha yangu," baba yake akamjibu. "Mpeleke mwenzio huko nje mkaongee."

Tukasimama nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji.

"Umenidanganya," nikasema.

"Nimekudanganya."

"Nisingegundua, ungenyamaza mpaka lini?"

"Mpaka baba aniruhusu."

"Hata kama ningekuacha?"

Akafikiri. Nilimwona anafikiri kweli, na niliogopa jibu.

"Ndiyo. Ningeumia, Eve. Sijalala tangu uondoke. Lakini nilimwapia."

Sikujua kama jibu hilo linanituliza au linanitisha. Mpaka leo nikilikumbuka yanakuja yote mawili.

"Sikiliza, Mihayo. Ukiniambia 'hili siwezi kulisema', nitakasirika, nitanuna, lakini nitakaa. Kunyamaza nakusamehe. Ile ya kwamba ulimvuta kwa mbali kwa Bazuka, ile sijakusamehe."

"Nilishtuka. Likatoka tu."

"Lisitoke tena."

"Halitatoka."

"Niangalie ukisema."

Akainama mpaka macho yetu yakalingana. "Halitatoka tena, Evelina. Nakupenda. Sitaki kukupoteza kwa jambo la kijinga nililolitamka mwenyewe."

Nikamshika shati. Nikalia kidogo, safari hii bila kwenda chooni.

"Na lenzi?" nikamuuliza nilipotulia. "Hesabu yangu inasema mwaka mzima umeshika ya kati na Kadogo. Bazuka siku za ndege tu."

"Kadogo nimempa baba moja kwa moja. Siwezi kumnyang'anya sasa."

"Usimnyang'anye. Baki na ya kati na Bazuka. Zinatosha."

"Nilidhani Bazuka utaniambia niitupe ziwani."

"Lenzi haina kosa. Nyingine zote uza."

Tukarudi uani. Nikamwambia Mzee Chenge kwamba Jumapili waje Magu, ila kwa sharti moja.

"Sharti gani?"

"Msije wawili."

Mwanabaraka akaacha kukunja kitambaa. Mzee akanitazama, hakusema ndiyo wala hapana. Na niliondoka Nyakato nikiwa sijui watashuka watu wangapi kwenye gari.

Jumapili alishuka kwanza mshenga wao, halafu Mihayo, halafu mzee na magongo yake. Mlango wa gari ukabaki wazi. Kisha ukatoka mguu wa kike, na mtandio wa zambarau.

Mshenga alisema maneno yake yote vizuri. Baba yangu, Mzee Malimi, alimsikiliza mpaka mwisho. Lakini baba yangu si mtu wa kuzunguka.

"Wageni tumewasikia. Ila kuna mmoja hajatajwa. Huyu mama ni nani kwenu?"

Shangazi akaacha kujipepea. Mihayo alifungua mdomo, na baba yake akamzuia kwa mkono. Mzee Chenge akakamata magongo, akasimama, ingawa hakuna aliyemtaka asimame.

"Anaitwa Mwanabaraka," akasema. "Ni mwanamke ninayempenda. Kanisani kwangu hawajui, na kaka zake hawajui. Nyinyi ndio wa kwanza kuambiwa. Kama hili linaharibu posa, kosa ni langu mimi. Mtoto msimwadhibu."

Baba akanigeukia mimi.

"Evelina, ulikuwa unalijua hili?"

"Nalijua, baba."

"Umelijua lini?"

"Nilikuwa nimeshawakatalia wasije. Nilipolijua ndipo nikawaambia waje. Na mama huyu ni mimi niliyemwita."

Mwanabaraka alikuwa ameinamisha kichwa, ameshika ukingo wa mtandio kwa mikono yote miwili. Mihayo alikuwa ananitazama mimi tu.

Baba akamtazama Mzee Chenge kuanzia plasta mpaka usoni. Halafu akamwambia, "Kaa chini mzee mwenzangu, mguu huo haujapona."

Kisha akaita jikoni kwa sauti kubwa, "Mama Evelina! Huyu mama mgeni amekalishwa kwenye stuli. Mleteeni kiti chenye mgongo!"

Shangazi ndiye aliyekwenda kukileta.