Tairi Sita za Félix

"Chisense zimekauka. Peleka sokoni."

Ilikuwa sauti ya Towela kwenye simu. Kisha simu ikakatika.

Mwelwa alikuwa amelala chali chini ya pikapu ya Land Cruiser, grisi mpaka viwikoni. Maneno yale hayakuhusu dagaa. Yalimaanisha: mzigo umevuka ziwa kutoka Kongo. Usiachwe ufike uendako.

Alirudisha simu mfukoni. Akaendelea kukaza nati.

Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mgongo mbovu na malaria isiyokwisha. Pale Kashikishi, kando ya ziwa, walimjua kama Saviour, fundi wa magari. Lusaka, katika ofisi isiyo na kibao mlangoni, alikuwa mpelelezi aliyeahidiwa na Towela, msimamizi wake, kila mwaka kwamba kazi hii ndiyo ya mwisho.

Pikapu ile aliletewa na Félix, aliyejiita mfanyabiashara wa samaki kutoka Pweto, ng'ambo ya ziwa. Alitaka tairi za nyuma ziwe mbili mbili kila upande, gari liweze kuvuta mashua ya chuma juu ya trela mpaka kusini. Mwelwa alimwambia mashua ya namna hiyo haihitaji yote hayo. Félix akatabasamu, akaagiza na springi nzito, na breki za umeme kwenye trela.

Hapo Mwelwa akajua kuwa tumbo la mashua lingebeba kitu. Towela akathibitisha. Baruti ya migodini, imeibwa ng'ambo ya ziwa. Shabaha ni daraja linalopitisha malori ya shaba.

Basi kazi akaifanya, na akaifanya vizuri, ili Félix asishuku. Aling'oa studi fupi za magurudumu akaweka ndefu. Akafunga rimu zilizobonyea ndani, akahakikisha tairi za upande mmoja hazigusani, maana zikigusana chini ya mzigo hupata moto na kupasuka. Mama Pierrette, mchomeleaji aliyekimbia vita Kongo na kupitia kambi ya wakimbizi ya Kenani, ndiye aliyepanua madigadi. Kila mchana alimwekea Mwelwa bukari, ugali wa kwao, na samaki, akamfunikia sahani nzi wasitue.

Na kila mchana Mwelwa alimdanganya. Hilo lilimchosha kuliko malaria.

Kwenye kisanduku cha breki za trela alificha kifaa chake, kidogo kama kiberiti. Simu ikikiamuru, breki zingeshika.

Asubuhi ya simu ile Félix alikuja na dereva.

Dereva alikuwa Pitchou, mdogo wake Pierrette.

Mwelwa alimvuta Félix pembeni, akamuuliza kwa nini asimtafute dereva mzoefu zaidi.

"Mukimbizi njo muzuri kwa hii kazi," Félix alisema. "Hakuna mutu atamuulizia."

Mwelwa akaelewa. Félix angeshuka kabla ya daraja. Pitchou angeendelea peke yake, na mwili wa mkimbizi ungekutwa kwenye usukani. Lawama ingewaangukia wote waliopitia Kenani.

Mashua ikapandishwa, trela likafungwa, injini ikawashwa. Pierrette alisimama akifuta mikono, akitazama chuma alichokichomelea mwenyewe kikiyumba kidogo na kutulia.

"Papa Saviour," aliuliza, "iko muzito sana. Itafika?"

"Mdogo wako hatapata ajali, Mama."

Mwelwa alipanda pikipiki yake ya Honda, akawafuata kwa mbali.

Baada ya kupita mji wa Mwansabombwe alifungua redio ya mawasiliano. Towela alimwambia mdunguaji ameshakaa kwenye kona, juu ya mlima wa Kawambwa.

"Atampiga dereva kwanza," Towela alisema.

"Dereva hajui kitu. Narudia, hajui kitu."

"Amri imeshatoka, Mwelwa."

Akazima redio.

Walipita Mbereshi. Barabara ikaanza kupanda, nyumba zikaisha. Kona ilikuwa bado mbele. Mwelwa alitoa simu akabonyeza, akaachia, akabonyeza tena. Kidogo kidogo. Moshi ukaanza kutoka kwenye magurudumu ya trela, ukatanda mpaka kwenye tairi za nyuma za pikapu. Pikapu ikanguruma, ikapungua mwendo, ikasimama.

Alijua baruti ile hailipuki bila fataki zake za kuiwashia. Na fataki zilikuwa kwenye begi ambalo Félix alilipakata tangu asubuhi, asikubali kuliachia.

Alisimamisha Honda, akasogea na spana mkononi.

Félix alimuuliza anafuata nini huku. Mwelwa akajibu kwamba gari lililobadilishwa tairi hivi lazima fundi alisindikize siku ya kwanza, na kwamba tairi moja ya ndani imepata moto. Wakilazimisha, itapasuka.

Félix alimtazama sana. Kisha akautazama moshi. Akashuka, begi begani, akachuchumaa kuchungulia katikati ya zile tairi mbili.

Mwelwa alimgusa kisogoni kwa mdomo wa bastola yake ya Makarov.

"Weka begi chini. Polepole."

"Hutapiga," Félix alisema bila kugeuka. "Baruti iko hapa."

"Nimechoka, Félix. Usinijaribu."

Begi likashuka chini.

Askari waliokuwa na mdunguaji waliteremka mbio kutoka kwenye kona. Walimfunga pingu Félix, wakamshusha Pitchou wakamfunga naye. Mwelwa alimwambia kapteni wao kwamba kijana ni shahidi, akasimama palepale bila kusogea mpaka pingu zikafunguliwa. Kisha akamweleza Pitchou kilichokuwa tumboni mwa mashua, na nani alitakiwa kukutwa amekufa.

Pitchou alisugua vifundo vya mikono palipokuwa na pingu.

"Weye ulijua tangu lini?"

"Ya mzigo, tangu mwanzo. Yako, leo."

"Na ulimuacha dada anachomelea."

Mwelwa aliingiza mkono mfukoni. Alimpa funguo za Honda, akamwambia aende nyumbani, dada yake amwone kwa macho kabla habari hazijamfikia.

Simu ikalia. Towela alisema kwamba Mwelwa amevunja amri.

"Mzigo uko kamili. Félix yuko hai. Dereva yuko hai."

"Wakubwa wanakutaka Lusaka leo."

"Kesho," alisema, akakata.

Akasokomeza Makarov chini ya shati. Akateremka kwa miguu kuelekea Mbereshi, taratibu, akisugua grisi viganjani, na kati ya askari wale wote hakuna hata mmoja aliyejua jina lake.