Pini Iliyoumbwa Kuvunjika

Wenzangu, haya nitakayowasimulia ni ya nyumba moja, lakini kila mtu ajipapase mwenyewe.

Asubuhi ile nyumba ilikuwa shwari. Fundi wa mashine ya kusaga mawe mgodini alikuwa anakunywa chai na mkewe, miguu ameinyoosha, anataja majina ya vyuma: shafti, beringi, giya. Mkewe naye alifanya kazi hukohuko. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mashine na kuokota mbao na vyuma vilivyochanganyika na mawe. Wachimbaji walimwita fundi huyu Najua, maana tangu aajiriwe hakuna aliyemsikia akisema vinginevyo.

"Leo Mhandisi anatukabidhi mashine mpya," alisema.

"Utaiweza?"

"Mama watoto! Mimi tena?"

Huko mgodini Mhandisi, mama mmoja asiyependa porojo, alimwonyesha fundi mashine sehemu moja baada ya nyingine. "Hapa kwenye giya kuna shia pini. Unajua kazi yake?"

Fundi hakuwahi kulisikia neno hilo tangu azaliwe. Lakini wachimbaji walikuwa wamesimama nyuma yake, na mkewe anamtazama kwa fahari. Angesemaje mbele yao?

"Najua, Mhandisi."

"Vizuri." Akamkabidhi boksi la pini za akiba, akaendelea na mengine.

Wiki hiyohiyo pini ilivunjika mara tatu. Kila ikivunjika, mashine husimama, na watu hukaa chini kucheka. "Fundi, hizo pini au biskuti?" Jamani, kicheko kinauma kuliko nyundo kidoleni! Jumamosi akachukua bolti nene ya chuma kigumu, akaikata kwa msumeno, akaipachika mahali pa pini.

Mkewe alimwona. "Baba watoto, Mhandisi ana habari?"

"Asiyejua maana haambiwi maana."

"Haya, bingwa," mkewe akacheka. Lakini walipofika nyumbani akarudia: "Kwani hiyo shia ni nini hasa?"

"Ni... ni aina ya chuma," fundi akajibu, akaomba chumvi. Chakula chenyewe kilikuwa na chumvi ya kutosha.

Siku kumi na mbili mashine haikusimama. Najua akatembea kifua mbele. Siku ya kumi na tatu wachimbaji walifikia mwamba mpya, na jiwe moja jeupe, gumu kupita kiasi, likanasa ndani ya mashine. Mota haikujali, ikaendelea kusukuma. Bolti nayo haikukatika. Ukakatika mnyororo unaozungusha mashine, ukaruka, ukampiga mkewe mkono wa kulia. Hospitali waliukata chini ya kiwiko.

Mhandisi alifungua giya, akaitoa ile bolti. "Nani kaweka hii?"

"Mimi."

"Shia pini ni nini?"

Fundi aliangalia chini. "Sijui."

"Ni pini laini, imetengenezwa ivunjike makusudi. Jiwe likinasa, yenyewe inakatika, mashine inasimama, watu wanapona. Kwa nini hukuniuliza siku ile?"

Fundi akafukuzwa kazi, na wala hakulalamika.

Mkewe aliporudi nyumbani, fundi ndiye aliyefua na kupika. Jioni moja akimfunga vifungo vya blauzi, mkewe akamuuliza kwa upole, "Siku ile Mhandisi alipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Sikujua, mke wangu. Niliona haya."

"Ungesema tu. Tungekuwa wajinga wawili wenye mikono minne."

Fundi alilia, na vifungo vikamshinda.

FUNZO

Ndugu zangu, kuuliza si ujinga. Ugonjwa wetu ni kuogopa kuchekwa. Tunaitikia "najua" kazini, hospitalini, hata mbele ya watoto wetu, kisha gharama inalipwa na mtu aliyetuamini. Na ninyi mnaocheka wanaouliza, msijitoe. Mkono ule na ninyi mnadaiwa. Ile pini haikuwa mbovu. Ilikuwa inakubali kuvunjika ili wengine wapone. Basi na wewe ukiulizwa usilolijua, vunjika kidogo. Sema, "Sijui, nielekeze."